Wahudumu wa Gari la Wagonjwa Hutazama Nini Kwanza?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya watu wanaofika mlangoni baada ya simu ya dharura kupigwa: wale wenye mikoba mizito, glavu mikononi na maswali mengi. Nilipata kuwachukia watu hao kwa muda wa dakika 2 hivi, na ni vyema nianze na dakika hizo.

Ilikuwa usiku wa Februari mwaka 2010, katika mji mmoja wa jimbo la Maryland, nje kidogo ya Washington. Wakazi wa upande ule wanaukumbuka mwezi huo kwa theluji yake. Tarehe 5 na 6 peke yake, katika uwanja wa ndege wa Dulles, ilianguka theluji ya sentimita 82; matawi ya miti yakaelemewa, nyaya zikakatika, na maelfu ya nyumba zikabaki bila umeme. Jengo letu lilikuwa mojawapo. Chini ya ghorofa yangu iliishi familia ya watu wa Tanga: mama, mwanawe wa kiume wa miaka 12, binti mdogo, na bibi yao aliyekuja kutembea miezi 2 kabla, ambaye maishani mwake hakuwa amepata kukutana na baridi ya namna ile. Baba wa nyumba alikuwa zamu ya usiku kazini, na barabara zilikuwa zimefungwa.

Yapata saa 3 usiku jirani yangu akanipigia simu. "Dada, hebu shuka umtazame mama. Anatapika, na kichwa chamuuma tangu alasiri. Mtazame kwanza kabla sijapiga 911."

Mimi si daktari, wala si muuguzi. Ni mtayarishaji wa vipindi vya redio. Lakini aliniita mimi kwanza kwa sababu ambayo kila mhamiaji anayeishi Marekani anaielewa bila kuelezwa: bili. Gari la wagonjwa kule mara nyingi hulipiwa, na bili yake ina sifa ya kufika wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshapona na kusahau. Hata sheria ya nchi nzima dhidi ya bili za kushtukiza za matibabu, iliyoanza kutumika Januari 2022, iliyaacha nje magari ya wagonjwa ya barabarani. Basi watu wetu hupiga hesabu kwanza, wakapiga simu baadaye.

Nilishuka. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyotoka mbali. Nikaketi karibu naye, tukampa chai ya tangawizi, tukashauriana. Mmoja akasema ni chakula cha mchana, mwingine akasema ni baridi imemwingia. Nusu saa ikapita hivyo. Kichwa changu nacho kikaanza kugonga, nikakisingizia uchovu. Bibi alipojaribu kusimama kwenda msalani akalegea mikononi mwetu, ndipo nilipopiga 911.

Gari lilifika upesi kuliko tulivyotarajia katika theluji ile. Mhudumu wa kwanza, mwanamke mrefu aliyekwisha vaa glavu, alifungua mlango akasimama kizingitini. Hakuingia. Aliitazama sebule kutoka kona hadi kona, kama mtu anayetaka kuinunua nyumba. Kisha kidude kidogo kilichofungwa kwenye mkoba wake kikaanza kulia. Akarudi nyuma hatua 2, akapaza sauti: tokeni nje nyote, sasa hivi, acheni kila kitu.

Jirani yangu akanigeukia machozi yakimlenga. "Anaogopa nini huyu? Mama anakufa, naye asimama mlangoni?" Nami, wasikilizaji, niliona vivyo hivyo. Nilidhani ametuona sura zetu akasita. Mtu anayeishi ugenini hujifunza kuitafuta dharau haraka, na wakati mwingine huiona hata pasipokuwapo.

Katikati ya sebule ile palikuwa na jiko la mkaa. Jiko lilikuwa langu. Nilikuja nalo kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku la nguo kwa ajili ya mahindi ya kuchoma wakati wa joto, na mchana ule umeme ulipokatika nilimwazima jirani, pamoja na nusu mfuko wa mkaa. Tulihakikisha mkaa umekolea vizuri na hautoi moshi hata kidogo, tukaona tumetahadhari vya kutosha. Nyumbani si tunapika hivyo?

Naam, nyumbani tunapika hivyo, lakini uani, au katika jiko lenye dirisha wazi na upenyo kati ya ukuta na bati. Nyumba za nchi za baridi hujengwa kuzuia upepo usipite hata kwenye ufa wa mlango. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu huzunguka mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na mwili kulegea, yaani dalili za mafua, au za chakula kibovu, au za baridi kumwingia mtu. Desemba 2006 dhoruba ilipokata umeme katika eneo la Seattle, watu kadhaa walifariki na wengine wengi wakalazwa kwa sababu hiyo, wengi wao wahamiaji walioingiza majiko ya mkaa au jenereta ndani ya nyumba au kwenye maegesho ya ndani. Gazeti la The Seattle Times lilichapisha onyo katika ukurasa wake wa kwanza kwa lugha kadhaa.

Yule mhudumu hakuyajua yote hayo aliposimama mlangoni. Alichokuwa akifanya ni jambo analolifanya katika kila mlango. Miaka michache baadaye, nilipokuwa nikitayarisha vipindi juu ya watu wa kazi hiyo, niliomba kukaa katika darasa lao kwa majuma kadhaa, na huko ndiko nilikoelewa zile dakika 2.

Katika mafunzo ya Marekani, mwanafunzi anapopewa mtihani wa vitendo, mgonjwa huwa amelala sakafuni akilia kwa maumivu ya kuigiza. Kila kitu katika nafsi ya binadamu humwambia kimbilia. Mwanafunzi anayekimbilia anaanguka mtihani palepale, hata kama baada ya hapo angefanya kila kitu kwa ustadi wa ajabu. Sharti kwanza ahakikishe amevaa glavu, na atamke kwamba mahali hapo ni salama. Mwalimu wetu, zimamoto mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa na mzaha wake: mhudumu aliyeanguka ni mgonjwa wa pili, tena ni mgonjwa mzito.

Usalama huo si neno la kusemwa ili kutimiza kanuni. Ajalini barabarani mhudumu hutazama kama mafuta yamemwagika, kama waya wa umeme umelala juu ya gari, kama magari mengine bado yanakuja kwa kasi. Penye ugomvi husubiri polisi kwa mbali. Katika shimo au kisima hatelemki. Wengi wetu tumesikia habari za mtu aliyezimia shimoni, ndugu yake akatelemka kumwokoa, jirani akamfuata ndugu, na jioni ikachimbwa kaburi zaidi ya moja. Na tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika kuchota petroli, likalipuka. Waliopoteza maisha walizidi 100. Jicho lililofunzwa kusimama kwanza lingeliona lori lile kwa namna nyingine kabisa.

Pamoja na usalama, mhudumu huhesabu. Wagonjwa ni wangapi? Swali hili linaonekana jepesi, lakini usiku ule lilikuwa na uzito wake. Sisi tuliita gari kwa ajili ya mtu 1. Yeye aliona bibi aliyelegea, mwanamke aliyeshika kipaji cha uso, kijana aliyejilaza mkekani saa 3 usiku wakati theluji imewapa watoto likizo, binti mdogo anayelala usingizi usio wa kawaida, na jirani mwenye macho mekundu. Watu 5 chini ya paa moja, dalili zinazofanana. Watano hawaugui moyo kwa pamoja. Wanapougua pamoja, kitu kilichowapata kimo katika hewa, katika maji au katika chakula, na mhudumu hana budi kukitoka kitu hicho kabla hakijampata yeye pia.

Halafu huangalia mahali panasema nini. Gari lililogongana lina ushahidi wake: kioo cha mbele kilichopasuka kama utando wa buibui huonyesha palipogonga kichwa, na usukani uliopinda huonya juu ya kifua, hata kama dereva amesimama kando akisema yu mzima. Aliyeanguka kutoka mnazini huulizwa ameanguka kutoka urefu gani na chini pana nini. Ndani ya nyumba kuna vyupa vya dawa juu ya meza, kuna sindano za insulini ndani ya jokofu, kuna zulia lililokunjamana juu ya ngazi, kuna ndoo kando ya kitanda. Wapo watu hukimbilia kufagia na kupanga chumba waliposikia gari linakuja, kwa sababu ya heshima ya nyumba. Nawaambieni, ndugu zangu, acheni ndoo ilipo.

Tulipotakiwa kutoka, bibi hakuweza. Gari la zimamoto lilikuwa limefika pamoja na gari la wagonjwa, kama ilivyo kawaida katika sehemu nyingi za Marekani, na vijana 2 waliovaa vinyago vya hewa na mitungi mgongoni wakaingia, wakamtoa bibi kwenye kiti, khanga zake 2 na blanketi 3 zikimfunika. Mmoja alirudi kuchukua jiko.

Ndani ya gari ndipo kazi ya mikono ilipoanza, ingawa kwa hakika ilikuwa imeshaanza kwa macho. Wahudumu huunda picha ya kwanza ya mgonjwa wakiwa bado hatua kadhaa mbali naye. Je, anakutazama unapoingia? Ameketi vipi? Anayeinama mbele, mikono magotini, shingo imekaza, anapigania pumzi. Je, anamaliza sentensi, au anakata maneno 2 kwa 2 ili avute hewa? Mtoto anayelia kwa nguvu anasumbua masikio, lakini njia yake ya hewa i wazi. Anayetisha ni yule aliyenyamaza.

Kisha hupimwa fahamu, na kwa hili ipo ngazi fupi ya vipawa 4 ambayo hata wewe waweza kuikumbuka. Mgonjwa yu macho. Au amefumba lakini anaitikia sauti. Au haitikii sauti ila anaitikia maumivu, kama vile kubinywa bega. Au haitikii chochote. Hospitalini hutumika kipimo kirefu zaidi kilichobuniwa mjini Glasgow mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett, kinachotoa alama kuanzia 3 hadi 15 kwa kutazama macho, maneno na mwendo wa viungo. Bibi alikuwa akiitikia sauti. Alitaja jina lake barabara, lakini alipoulizwa yuko wapi alisema yuko Pangani.

Baada ya fahamu ni damu inayomwagika kwa wingi, njia ya hewa, kupumua, na mzunguko wa damu. Zamani damu ilikuja baadaye. Uzoefu wa madaktari wa jeshi katika vita vya Iraki na Afghanistan uliipandisha juu, kwa sababu mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa katika dakika chache, wakati wewe bado unachungulia koo lake. Jambo la kuzingatia ni kwamba mpangilio huu haurukwi. Ukikuta tatizo unalirekebisha hapohapo, kisha unaendelea. Haina maana kuhesabu mapigo ya moyo ya mtu ambaye ulimi wake umeziba koo.

Kupumua kwa mtu mzima aliyetulia ni kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na mhudumu mjanja huhesabu huku amemshika mgonjwa mkono kama anayepima mapigo, maana mtu akijua anahesabiwa pumzi hubadili mwendo wake. Mshipa wa kifundo cha mkono husema mengi: una kasi au uko polepole, una nguvu au ni dhaifu kama uzi. Ngozi nayo huguswa: ni kavu au ina jasho, ina joto au ni baridi kama chuma. Ukucha hubinywa ukaachiwa, na damu inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2.

Hapa naomba nitulie kidogo, kwa kuwa jambo hili linatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Vinasema mgonjwa "amepauka" au "amekuwa wa bluu". Uso wa bibi wa Pangani hauwi wa bluu kwa namna ambayo mhudumu wa Maryland ataitambua. Aliyefunzwa vizuri huangalia ndani ya mdomo, ndani ya kope za chini, viganjani na chini ya kucha. Hata mashine ina upofu wake. Kile kibanio kidogo kinachovishwa kidoleni kupima oksijeni kwa mwanga kilichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambao Desemba 2020 waliripoti kwamba upungufu wa oksijeni usioonekana kwenye kipimo hicho ulikuwa karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko kwa wagonjwa Weupe.

Na katika sumu ya mkaa kibanio hicho hudanganya watu wote bila ubaguzi. Damu iliyoshikwa na kaboni monoksidi huonekana kwake nyekundu safi, sawa na damu yenye oksijeni. Kidoleni mwa bibi kilisoma 99 kwa mia. Jirani yangu alipoiona namba ile akashusha pumzi, "Alhamdulillahi, yu salama." Mhudumu hakuitilia maanani hata kidogo. Alikuwa ameshamvika barakoa ya oksijeni tangu alipoingizwa garini, kwa sababu alichokiona mlangoni kilikuwa na uzito kuliko namba. Katika hewa ya kawaida nusu ya gesi ile huchukua takriban saa 4 hadi 6 kutoka katika damu. Kwa oksijeni tupu muda huo hushuka hadi saa 1 au 1 na nusu. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, na haikungoja hospitali.

Ndipo yakaja maswali, na maswali ndipo Kiswahili chetu kilipotutega. Mhudumu aliuliza bibi anajisikiaje. Bibi, kwa Kiswahili chake kizuri cha mrima, akasema, "Moyo wanichafuka." Kabla sijatoa barakoa yangu mdomoni, mjukuu wake akatafsiri kwa Kiingereza, neno kwa neno: moyo wake ni mchafu.

Nilimwona mhudumu akiinua nyusi. Sisi tunajua kwamba moyo unaochafuka ni kichefuchefu. Yeye alisikia moyo. Hakucheka, wala hakubishana na mtoto. Alimwomba amwambie bibi aweke mkono mahali panapomsumbua. Bibi akauweka juu ya tumbo, karibu na chembe cha moyo. Hata hivyo alimbandika nyaya za kupima umeme wa moyo, na alikuwa na haki, kwani kaboni monoksidi huudhuru moyo pia, hasa wa mtu mzee. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya maneno yetu yanayopotea njiani. Mtu akisema "nina presha" anakusudia ugonjwa wa shinikizo la damu. Likitafsiriwa kama lilivyo, Mmarekani husikia kifua kinachobanwa, ambayo ni dalili ya mshtuko wa moyo. "Nasikia" kwetu ni kwa masikio na kwa mwili mzima. Kichomi, ganzi, degedege: kila moja ni maelezo ya dakika nzima. Vituo vingi vya 911 vina wakalimani wa simu, na mpiga simu ana haki ya kutaja lugha yake. Kutamka neno "Swahili" tu kwatosha kuanza. Mtoto wa miaka 12 hapaswi kubeba mzigo ule, ijapokuwa usiku ule aliubeba bila kulalamika.

Maswali yenyewe ni machache, na huulizwa karibu dunia nzima kwa namna moja au nyingine. Una tatizo gani? Kuna kitu kinachokudhuru, kama dawa au chakula? Unatumia dawa zipi? Umepata kuugua nini? Umekula nini mara ya mwisho, na lini? Ulikuwa ukifanya nini ilipoanza? Jirani yangu alijibu haraka kwamba mama hana ugonjwa wowote. Mhudumu akauliza tena juu ya dawa, na ndipo vikatajwa vidonge vya presha, vidonge vya sukari, na chupa ya dawa ya mitishamba iliyotoka Tanga, iliyofichwa chini ya kitanda kwa kuogopa kuonekana washamba. Kwetu ugonjwa unaodhibitiwa kwa vidonge huhesabiwa kuwa haupo. Kwa mhudumu, vidonge vya sukari vilitosha kumfanya achome kidole cha bibi na kupima kiwango cha sukari papo hapo, kwa maana sukari ikishuka mno nayo huchanganya akili, ikamfanya mtu wa Maryland ajione yuko Pangani. Ilikuwa sawa.

Swali la mwisho ndilo lililofunga kesi. Mhudumu alimuuliza mvulana: nani kati yenu alitoka nje leo? Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kucheza kwenye theluji mnamo saa 11 jioni. Na kichwa je? Mvulana akafikiri. Kiliacha kuuma alipokuwa nje, akasema, kikarudi alipoingia ndani.

Kazi hii ya kutazama na kuuliza, ambayo leo inaonekana ya kawaida, si ya zamani sana. Katika miji mingi ya Marekani hadi miaka ya 1960 mgonjwa alibebwa na gari la polisi au la wazikaji, na aliyeketi nyuma pamoja naye hakujua kumfanyia chochote. Mojawapo ya mabadiliko ya kwanza yalitoka katika mtaa wa Weusi wa Hill, mjini Pittsburgh, mwaka 1967. Peter Safar, daktari mzaliwa wa Vienna aliyechangia sana kuenea kwa njia ya kisasa ya kumhuisha mtu aliyezimia, alisimamia mafunzo ya vijana Weusi wa mtaa huo, wengi wao wakiwa hawana kazi, ili wawe wahudumu kamili wa gari la wagonjwa. Huduma yao iliitwa Freedom House. Iliwahudumia watu hadi mwaka 1975, mji ulipoanzisha huduma yake wenyewe, na wengi wa vijana wale wakasukumwa pembeni. Daktari wao wa mwisho, Nancy Caroline, aliandika kitabu cha kufundishia kazi hiyo kilichotoka mwaka 1979, na katika miaka ya 1980 alifanya kazi Kenya na madaktari wa ndege wa AMREF. Kwa hiyo njia kati ya mtaa ule wa Pittsburgh na Nairobi ilipata kukanyagwa kwa miguu ya mtu mmoja.

Najua wengi wanaonisikiliza wako mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki, na anayemfikisha majeruhi hospitali ni mwenye bodaboda au dereva wa daladala aliyepita. Lakini kusimama mlangoni hakuhitaji gari. Hakuhitaji kidude kinacholia pia. Mvulana wa miaka 12 alikuwa na jibu lote kichwani mwake, ila hakuna kati yetu aliyemuuliza.

Njiani kwenda hospitali mhudumu alimpima bibi upya kila baada ya dakika 5: fahamu, pumzi, mapigo, presha. Mgonjwa aliyetulia hupimwa kila dakika 15, mahututi kila 5, maana kipimo kimoja ni picha tu, na kinachotafutwa ni kama mtu anapanda au anashuka. Bibi alikuwa akipanda. Karibu na lango la hospitali aliuliza kwa nini wamemfunika mdomo kama punda, na binti yake akacheka na kulia kwa pamoja.

Sote 5 tulilazwa usiku ule tukivuta oksijeni. Binti mdogo ndiye aliyechelewa kuamka. Madaktari walitueleza kwamba watoto hupumua haraka na huipata sumu upesi. Kulipokucha aliomba uji. Nilikuwa nimeketi macho tangu usiku nikiwaza namna ya kumwambia baba yake, aliyefika asubuhi viatu vimejaa theluji, kwamba jiko ni langu. Nilimwambia. Alinyamaza kitambo, akasema, "Shemeji, mkaa niliuwasha mimi kabla ya kwenda kazini."

Bili ya gari ilifika mwezi wa Aprili. Tuliigawana. Jiko lilibaki pale kijana wa zimamoto alipolitua, uani, chini ya theluji, nalo lilipoonekana tena mwezi wa Machi lilikuwa limepasuka. Bibi alirejea Pangani mwezi wa Mei, na kila nimpigiapo simu huniuliza kwanza kama madirisha yangu yako wazi.